Historia ya Guernsey FC imo kwenye nauli

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo kuhusu namna kurasa za michezo zinavyoviandika vilabu vya madaraja ya chini vinavyotoka visiwani. Vinapotajwa, hutajwa kama kioja: idadi ya wakazi, picha ya uwanja, kisha nafasi ya timu kwenye msimamo wa ligi. Kwa maoni yangu, msimamo huo hauelezi lolote la maana mpaka msomaji ajue kwanza ni nani anayelipa gharama za kuvuka bahari. Nitachukua mfano wa Guernsey FC, kwa kuwa historia yake ni fupi na inalionyesha jambo hili waziwazi.

Guernsey ni kisiwa cha watu wapatao 63,000 kilicho kati ya Uingereza na Ufaransa, nacho kiko karibu zaidi na pwani ya Normandy kuliko na Uingereza yenyewe. Kandanda haikuanza huko na klabu hii. Kombe la Muratti, linalovikutanisha visiwa vya Guernsey, Jersey na Alderney, lilianza kushindaniwa mwaka 1905, likasimama wakati wa vita kuu zote mbili, ikiwemo miaka ya 1940 hadi 1945 ambapo visiwa hivyo vilikuwa mikononi mwa majeshi ya Ujerumani. (Alderney, iliyo ndogo kuliko wenzake, imelitwaa kombe hilo mara moja tu, mwaka 1920, habari ambayo peke yake inastahili makala.) Kwa zaidi ya karne moja, basi, mchezaji hodari wa Guernsey alikuwa na njia mbili: abaki katika ligi ya nyumbani akisubiri kuitwa kwenye kombaini ya kisiwa, au afungashe virago. Matt Le Tissier alifungasha, akaenda klabu ya Southampton huko Uingereza, na huko ndiko alikotengeneza jina.

Njia ya tatu ilipatikana mwaka 2011, pale ilipoundwa klabu ya kisiwa kizima, Guernsey FC, na kuingizwa katika Ligi ya Combined Counties, Daraja la Kwanza, ambayo ni ngazi ya 10 kutoka juu katika mfumo wa soka la Uingereza. Chini ya kocha Tony Vance timu ilitwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza, ikashika nafasi ya pili katika daraja lililofuata msimu wa 2012/13, na kwa hatua hizo mbili ikajikuta katika Ligi ya Isthmian, ngazi ya 8.

Makala nyingi huishia hapo, ilhali hapo ndipo zingepaswa kuanza. Klabu ilikubaliwa kuingia ligi kwa sharti kwamba ingegharimia safari za timu zinazokuja kucheza kisiwani. Msomaji na afikirie hesabu yake. Klabu ya kawaida ya daraja hilo hulipia mafuta ya basi inapokwenda ugenini, na ikicheza nyumbani hukaa ikahesabu viingilio. Guernsey hulipa tiketi za ndege ikienda ugenini, na ikiwa nyumbani hulipa tena ili mpinzani wake aje kujaribu kuifunga. Kiingilio cha mtazamaji wa uwanja wa Footes Lane, ambaye hukaa mbali kidogo na mchezo kwa sababu ya njia ya riadha inayozunguka nyasi, huishia kwenye nauli ya wageni, na wachezaji wenyewe ni wa ridhaa, wasiolipwa mshahara.

Tena fedha si tatizo pekee. Ukungu ukishuka juu ya uwanja wa ndege wa kisiwa, ndege haitui na mechi haichezwi, hata kama nyasi ni kavu na waamuzi wapo tayari. Msimu wa 2012/13 hali mbaya ya hewa ilikutana na mafanikio ya timu katika Kombe la FA Vase, la vilabu vya ngazi za chini vya Uingereza, ambamo ilifika nusu fainali na kutolewa na Spennymoor Town, waliokuja kuwa mabingwa. Matokeo yake mechi za viporo zililundikana mpaka ligi ilipoingia lala salama timu ikawa inashuka uwanjani karibu kila baada ya siku moja au mbili. Le Tissier, akiwa na umri wa miaka 44 na amekwishastaafu kitambo, alisajiliwa kusaidia na akaingia kutoka benchi. Magazeti yaliifurahia habari hiyo kama mzaha wa gwiji aliyerudi nyumbani. Mimi naiona kama ushahidi wa timu iliyoishiwa miguu.

Wapo wanaosema kisiwa kilijitakia, kwa hiyo kilipe. Nakubali kwamba sharti lilikuwa la haki mwanzoni, kwani vilabu vya ngazi ya 10 huendeshwa kwa kujitolea na visingeweza kubebeshwa tiketi za ndege kwa sababu ya mwanachama mpya. Sikubali kwamba hali hiyo inapaswa kuonekana ya kawaida milele, wala kwamba timu ya aina hiyo ikimaliza katikati ya msimamo iandikwe kuwa imedorora. Jirani zao wa Jersey Bulls, klabu ya kisiwa cha Jersey, walishinda mechi zote 27 za ligi walizocheza msimu wa 2019/20, msimu wao wa kwanza, kisha Korona ikaingia na matokeo yote yakafutwa. Nauli zilizokwisha kulipwa hazikufutwa.

Ninaloomba kwa waandishi wenu ni dogo. Wanapoandika juu ya klabu ya kisiwani, iwe ya huko au ya kwingineko, waulize nani amelipa usafiri, mechi ngapi zimeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa, na viporo hivyo vilichezwa kwa nafasi ya siku ngapi, halafu wayachapishe majibu hayo kando ya msimamo wa ligi, si chini kabisa ya makala ambako mhariri huanza kupunguza maneno.

Wenu,
Msomaji wa kurasa za michezo