Wanaorekebisha uvutano hawabahatishi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupanuka kwa ulimwengu nimeipenda, maana ni nadra magazeti yetu kugusa jambo hili. Ila mwandishi aliposema kwamba wanaorekebisha kanuni ya Einstein ya uvutano wanabahatisha tu, hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Mwaka 1998 wanaanga waliopima supanova (nyota zinazolipuka) za mbali waligundua kuwa ulimwengu unapanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Wengi wanasema ni kazi ya nishati ya giza, nishati isiyojulikana inayousukuma ulimwengu utanuke. Wengine wanaishuku kanuni yenyewe: pale Einstein alipoweka R, kipimo cha mpindo wa anga na wakati, wao huweka fomula nyingine ya hiyo R. Fomula za namna hiyo hazina idadi. Unachaguaje?

Kwa ulinganifu, yaani hali ya kitu kubaki vilevile hata ukikibadilisha kwa namna fulani, kama duara linapozungushwa. Mwaka 1918 Emmy Noether, mwanahisabati wa Ujerumani, alithibitisha kwamba kila ulinganifu endelevu (wa mabadiliko yasiyoruka hatua, kama kuzungusha kidogo kidogo) huzaa kiasi kisichobadilika. Watafiti huweka sharti kwamba modeli iwe na ulinganifu wa aina hiyo, na fomula nyingi huanguka papo hapo. Mojawapo ya zinazopita ni R kwa kipeo cha 3/2. Sharti ndilo lililoitoa, si bahati.

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Mtwara huniuliza: mwanga wa galaksi za mbali unatufikia ukiwa umepungukiwa nishati, je, imekwenda wapi, nasi tumefundishwa kuwa nishati haipotei? Swali zuri mno! Kwa kanuni hiyo ya Noether, nishati huhifadhiwa pale ambapo jana na leo havina tofauti. Anga linalotanuka halina ulinganifu huo wa wakati. Kilichobaki ni ulinganifu wa mahali na wa upande, kama mvuvi wa Msimbati aliyefika kilindini: kokote anakogeukia, ni bahari ileile.

Ulinganifu peke yake hauthibitishi kitu, nakiri. Vipimo ndivyo vinavyoamua. Tarehe 17 Agosti 2017 mawimbi ya uvutano (mitetemo ya anga na wakati) ya nyota mbili za nyutroni, nyota zilizosongamana mno, zilizogongana yalifika duniani, na miali ya gama, ambayo ni mwanga wenye nishati kubwa, ikafuata sekunde 1.7 baadaye, baada ya safari ya miaka takribani milioni 130. Modeli nyingi zilizotabiri kwamba kasi ya mawimbi hayo na ya mwanga zinatofautiana zilikufa siku hiyo. Zile za fomula za R zilisalimika, kwa kuwa ndani yake mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga.

Mkirudia mada hii, tafadhali wapeni wasomaji na upande huu.

Mwalimu wa fizikia,
Mtwara