Michango kabla ya Rosh Hashanah

Shalom wapendwa,

Mwaka mpya wa Kiyahudi, 5787, unaingia Ijumaa jioni, Septemba 11, na mfuko wetu uko hoi. Tokeni za stima, askari wa usiku, juisi ya zabibu ya kidushi (baraka ya kuikaribisha Sabato na sikukuu), hayo mnayajua. Linaloniumiza ni gombo letu la Torati, lililoandikwa kwa mkono. Herufi moja imefifia, na hati yenye herufi 304,805 ikipungukiwa hata na moja haisomwi sinagogini mpaka mwandishi aliyesomea kazi hiyo airekebishe. Kwa sasa tunasoma kwenye kitabu cha chapa.

Kiwango sipangi. Nusu shekeli ya kitabu cha Kutoka ilikuwa sawa kwa tajiri na maskini, lakini karo za shule nazijua, kwa hiyo kila mtu atoe anachoweza. Aliyekwama aniandikie inboksi, hatangazwi humu. Tumeni M-Pesa kabla jua halijazama Ijumaa, ya Sabato siipokei (na tafadhali msinipigie!).

Halafu njooni. Jumamosi iliyopita tulikuwa tisa hadi saa nne, mwenzetu aliyefiwa akingoja mtu wa kumi ili aseme Kadishi, sala ya wafiwa isiyosemwa bila watu kumi. Hilo halilipiki kwa simu.

Mweka hazina ataweka orodha baada ya sikukuu.