Hawa Mahal si jumba la Bi Hawa

Bwana Mhariri,

Juma lililopita mlichapisha picha ya Hawa Mahal, lile jumba la rangi ya waridi la Jaipur, India, na chini yake mkaeleza kwamba ni kasri la vyumba 953 alilojengewa malkia aitwaye Hawa. Malkia huyo hakuwapo. Kwa Kihindi hawa ni upepo, neno lilelile la Kiarabu lililotupatia sisi hewa, na mahal ina shina moja na mahali yetu. Mswahili angelifasiri jina hilo bila kufungua kamusi: mahali pa hewa. Na hizo 953 ni hesabu ya madirisha madogo, si vyumba.

Aliyelijenga ni Maharaja (yaani mfalme) Sawai Pratap Singh, mwaka 1799, na ramani ilichorwa na Lal Chand Ustad (huyo "Ustad" ni ustadhi wetu, yaani bingwa wa kazi). Mji wenyewe ulikuwa na miaka zaidi ya 70: Sawai Jai Singh II aliuanzisha mwaka 1727, barabara zikipangwa kwa miraba iliyonyooka, jambo ambalo mtu wa Lubumbashi aliyezoea avenyu zetu za mjini hatalistaajabia. Rangi ya waridi iliyoupa mji sifa ilienea baadaye, mwaka 1876, Maharaja Ram Singh II alipompokea Albert Edward, mwana wa Malkia Victoria. Tangu 2019 mji huo wa ndani ya kuta umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kosa la tatu la picha yenu ni dogo, lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mlisema ule ni "mlango mkuu". Upande ule hauna mlango hata mmoja. Ni mgongo wa jumba, umeelekea barabara ya soko. Wanawake wa ikulu walikuwa wametawishwa, hawakupaswa kuonekana na watu baki, kwa hiyo walijengewa ukuta wa kutazamia maandamano ya sikukuu na pilikapilika za mjini bila wao kuonekana. Anayeingia huzunguka hadi upande wa kasri la maharaja, apite lango lake, atokee kwenye ua mpana. Pande tatu za ua zina majengo ya ghorofa mbili. Upande wa nne, wa mashariki, ndio umefungwa na huo ukuta maarufu wa ghorofa tano, wenye kimo cha mita 15 hivi. Kupanda juu unapita kwenye njia za mteremko.

Siri yote imo katika jambo ambalo picha ya mbele haiwezi kulionyesha: ghorofa tatu za juu zina unene wa chumba kimoja tu. Upepo unaoingia kwa mbele unavuka chumba hicho kimoja na kutokea uani. Mbele kuna vidirisha vya kuchomoza, viitwavyo jharokha, kila kimoja na kuba lake dogo, vimezibwa kwa jiwe lililotobolewa kama kimia. Kimia hicho kinaitwa jali, neno ambalo kwetu lina kazi nyingine kabisa. Wanaowatembeza wageni hupenda kusema kwamba hewa ikibanwa kwenye tundu jembamba huongeza mwendo, basi jumba linapoa. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Hewa haipiti tunduni kwa sababu tundu ni jembamba. Inapita kwa sababu ukuta uliopigwa na upepo una msukumo mkubwa kuliko upande wa pili, na upande wa pili uko wazi. Ziba uani, na hayo matundu 953 hayatakupoza hata jasho la shingo. Ongeza kivuli cha vidirisha vinavyochomoza na maji ya chemchemi zilizokuwa zikiruka vyumbani, maana hewa kavu ya Rajasthan, jimbo la Jaipur, hupoa haraka ikigusa maji.

Hapa kwetu wajenzi wengi wanapenda matofali ya matundu, klostra. Wanayaweka kwenye ukuta wa barabarani kwa sababu yanapendeza, kisha ukuta wa nyuma wanaufunga kabisa kwa kuogopa wezi. Mwezi wa 9 na wa 10 mwenye nyumba analalamika kwamba joto ni lilelile. Litapunguaje? Hewa iliyoingia haina pa kutokea. Tundu la kutokea liwe kwenye ukuta unaoelekeana na lile la kuingilia, lisiwe dogo kuliko hilo, na likae juu zaidi, karibu na dari, kwa kuwa hewa moto hupanda. Wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki. Klostra za kuingilia zielekee huko, kama lupango (kiwanja) lenyewe linaruhusu. Na chini ya manjanja (mabati) pasipo plafo (dari), usitegemee klostra peke yake: bati linamwaga joto kichwani mwako mchana kutwa.

Kosa jingine ni la uimara. Mafundi masoni wengine wanajenga kozi (safu) tatu za matofali mazito juu ya klostra bila linta (boriti ya kubeba uzito juu ya uwazi), na baada ya mvua mbili tatu nyufa zinaanza pembeni mwa matundu. Kimia si mguu wa nyumba. Klostra zikae ndani ya fremu: nguzo pembeni, linta ya zege juu, na kama uwazi unazidi mita moja na nusu, laza chuma cha milimita 6 kila baada ya kozi mbili. Anayejifyatulia mwenyewe atumie ndoo 1 ya sima (saruji) kwa ndoo 3 za mchanga uliochekechwa, maji kidogo, kisha azitunze kivulini siku 7 akizimwagia maji asubuhi na jioni. Zikianikwa juani siku ya kwanza, kingo zake nyembamba hukatika mkononi.

Neti ya mbu ni lazima, lakini inapunguza upepo kwa kiasi kikubwa. Basi panua uwazi tangu kwenye ramani, na neti uifunge upande wa ndani, kwenye fremu ya mbao inayotoka, kwa sababu vumbi letu jekundu linaiziba katika wiki chache na lazima ioshwe. Fremu hiyohiyo ipewe na kibao cha kufungia, kwa ajili ya baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Maji ya chemchemi yaacheni Jaipur. Mvua zikishaanza, hewa yetu tayari imelowa. Beseni la maji chumbani litawazalia mbu tu.

Naomba maelezo ya picha yarekebishwe katika toleo lijalo, na mkipata nyingine, iwe ya upande wa uani.

Mwalimu wa ujenzi,
Komini ya Kenya, Lubumbashi