Fulana zisubiri kwanza

Morogoro, mwisho wa Oktoba

Mama Koku, shoga yangu,

Salamu nyingi. Za huko, za watoto, za migomba? Huku wazima, mvua tu ndiyo inatupiga chenga. Usidhani nilinuna. Ujumbe wako wa sauti ni wa dakika 11 na nusu yake ni kuku wako wanapiga kelele, ikabidi niusikilize mara tatu. Nilichoambulia ni hiki: mko wanawake 12, mnataka kujitolea kuwasaidia wajane wa kata yenu, na mnataka zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba, ziwakute mmevaa fulana za rangi ya chungwa. Kisha unaniomba niulizie bei ya kuchapa.

Siulizii. Hasira baadaye, soma kwanza.

Hela hiyo nunueni kaunta buku mbili nene, kalamu za wino wa bluu, pedi ya wino kwa ajili ya dole gumba, mafaili ya plastiki, na itakayobaki iwe ya fotokopi na nauli. Maandamano mtafanya, sikatai, ngoma na vigelegele viwepo. Lakini mjane wa huko kwenu hafukuzwi kibanjani, yaani shambani kwake, kwa sababu watu hawajasikia neno "haki". Panga lipo na matusi yapo, ila kazi kubwa hufanywa na karatasi.

Karatasi yenyewe unaijua: muhtasari wa kikao cha ukoo. Siku ya kuanua matanga watu wamechoka, mjane hajalala siku kadhaa, linapitishwa daftari, "andikeni mahudhurio". Kila mtu anaandika jina na kutia saini. Ukurasa wa juu mtupu. Wiki mbili baadaye ukurasa ule una kichwa cha habari: sisi tuliotia saini hapa chini tumemteua fulani kuwa msimamizi wa mirathi. Na saini ya mjane ipo, ya kwake kabisa, hakuna aliyeighushi. Hapo utaanzia wapi kubisha?

Kwa hiyo somo la kwanza kwa hao wenzako 12 lisiwe katiba. Wafundishe kuandika muhtasari. Tarehe, mahali, saa ya kuanza. Jina kamili la marehemu kama lilivyo kwenye cheti cha kifo. Waliohudhuria, na mbele ya kila jina uhusiano wake na marehemu, maana "mwanaukoo" peke yake haitoshi. Ajenda. Warithi kwa majina, mabinti wakiwemo, hata aliyeolewa, hata aliye Dar. Nani amependekezwa, nani amekubali, nani amekataa na kwa nini. Saini zikae ukurasa uleule wenye uamuzi, siyo karatasi ya pembeni iliyopigwa pini. Panapobaki nafasi tupu, piga mstari wa kukata kutoka kona hadi kona, asipatikane wa kuongeza sentensi. Kurasa zipewe namba. Asiyejua kusoma asomewe yote kwa sauti kabla ya kuweka dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake kando. Mwisho saini za mwenyekiti na katibu wa kikao, na muhuri wa mtendaji. Kisha mjane apewe nakala siku hiyohiyo. Akiambiwa "tutakuletea", ujue haiji.

Na wajue pia kwamba muhtasari huo hautakiwi na sheria. Ni mazoea, makarani wanauomba. Ukoo ukigoma kukaa kikao ili kumkwamisha mjane, bado anaweza kwenda Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake na kueleza kwamba waligoma. Hili waambie mara mbili, kwa sababu kuna wanaosubiri kikao mwaka mzima huku kahawa inavunwa na shemeji.

Mahakamani ni hivi. Anapeleka cheti cha kifo na kujaza Fomu Na. 1. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo shauri linasikilizwa, na anayeteuliwa anasaini ahadi pamoja na wadhamini. Msimamizi siye mwenye mali! Liandikeni kwa herufi kubwa kwenye bango, hilo ndilo bango ninalolitaka. Ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa anatakiwa arudishe Fomu Na. 5, orodha ya mali na madeni yote, na baadaye hesabu za ugawaji kwenye Fomu Na. 6. Wasimamizi wengi hupotelea hapo. Wanachukua barua ya uteuzi, wanaitembeza kama hati ya kununulia, mahakamani hawaonekani tena. Mjane ana haki ya kwenda na namba ya shauri kuuliza kama Fomu Na. 5 imeletwa, na kama haikuletwa anaweza kuomba uteuzi ufutwe. Kwa hiyo kwenye kaunta buku la pili chora safu nne: namba ya shauri, tarehe ya uteuzi, tarehe ya kutimiza miezi 4, na nani kati yenu atamkumbusha.

Mambo ya majina yatawatesa. Cheti cha kifo kinasema Deogratias, karatasi ya shamba inasema Deo, kitambulisho kina jina la babu katikati. Linganisheni herufi kwa herufi kabla hamjapanda gari. Majina yakitofautiana kinahitajika kiapo. Cheti cha ndoa je? Wengi hawana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawadhania kuwa wanandoa wale walioishi pamoja miaka 2 au zaidi wakajulikana kama mume na mke, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, basi tafuteni mashahidi mapema: mchungaji au shehe, jirani wa zamani, aliyepeleka posa kama yuko hai.

Orodha ya mali nayo iandikwe mapema, ndani ya siku za matanga, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Msiandike "vyombo vya nyumbani". Andikeni mabati mangapi, magodoro mangapi, baiskeli ya rangi gani, mbuzi wangapi na madoa yao. Mipaka ya kibanja piteni kwa miguu na mpige picha mimea ya mpaka mmoja mmoja. Wa zamani una shina nene na nyasi zimeushika. Uliohamishwa usiku udongo wake bado ni laini, ukiuvuta unakuja. Na mali aliyonunua mjane mwenyewe itengwe kabisa na ya marehemu, hata risiti iliyofifia ihifadhiwe.

Najua Mama Mkubwa atasema, "Mila ya Wahaya haiko hivyo." Mjibuni kwa adabu. Ndiyo, ile Amri ya sheria za kimila ya 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, inasema mjane hana fungu kama marehemu ana jamaa wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Haijafutwa, na tusiwadanganye wajane kwamba imefutwa. Lakini mwambieni pia habari za Holaria Pastory, Mhaya mwenzenu, aliyerithi shamba la ukoo kwa baba yake akaliuza, mpwa akashtaki, na Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 ikasema mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi. Wajane wawili waliishtaki Serikali juu ya mila hizo za urithi: Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri ni za kibaguzi ikakataa kuzifuta, rufaa ikatupwa 2010 kwa kasoro ya kitaratibu, wakaenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya CEDAW, ile ya mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, iliyowapa haki mwaka 2015. Unaona rufaa ilipokwama? Kwenye taratibu, kabla hata hoja yenyewe haijaguswa. Halafu wewe unanitajia fulana.

Jambo jingine, baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake kwenye ardhi ni kupatanisha tu. Yeyote atakayemletea mjane "hukumu" ya kata, muulizeni imetoka wapi. Upatanishi ukishindikana, au siku 30 zikipita, anaruhusiwa kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kabla ya hapo angalieni baraza la ardhi la kijiji. Wanawake watatu wanatakiwa wawemo. Kuwatafuta kwa majina ni kazi ya asubuhi moja, na msishangae mkimkuta ambaye hajui kwamba ni mjumbe.

Na ninyi wenyewe jilindeni. Bila mafunzo na usajili chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 msijiite wasaidizi wa kisheria; semeni tu mnasindikiza. Msipokee hata mia ya mjane, hata "ya soda", kwa sababu ndiyo shemeji anayoisubiri. Hati halisi zibaki kwake, ninyi mkae na fotokopi. Nendeni wawili wawili. Habari za mjane zisifike kisimani, na hapa namfikiria mtu mmoja kwenye orodha yako, unamjua.

Haya nijibu. Kati ya hao 12 wangapi wanaandika mwandiko unaosomeka? Mtendaji ni yuleyule au amehamishwa? Yule mjane wa kule juu, ameshapata cheti cha kifo, na jina lilikuja sawa? Nani anashika daftari, usiniambie ni Mama Mkubwa? Mwalimu amerudisha funguo za ofisi? Na jicho la bibi, walimpa tarehe?

Muhtasari wa kikao chenu cha kwanza upige picha, ukurasa mzima, mpaka kona, unitumie.

Wako,
Mama Rehema