Jirani amegeuza shamba langu njia, na mwenye roho mbaya eti ni mimi

Shikamoo Shangazi,

Jogoo wa kwanza keshawika na mimi sijafumba jicho. Hivi mtu mzima anasimamaje msibani, mbele za watu, akasema shamba lisilo na uzio halina mwenyewe, na watu wakacheka? Mkwe wangu alikuwepo. Alisikia.

Shamba ni la michikichi, nje kidogo ya Mwandiga, huku Kigoma, kaniachia marehemu baba. Kaka zangu walipata ya bondeni, hili likawa langu, na hati ya kimila ninayo, ina jina langu. Sikumdhulumu mtu.

Huyo jirani alianza kwa kupita tu. Nikanyamaza, maana huku kwetu nani anamnyima mtu njia? Vijana wake nao wakaanza kupita na panga, mikungu ikawa inaondoka. Ukiwauliza, wanaokota chikichi zilizodondoka. Kuokota gani huko kwa kupanda juu ya mti? Sasa amehamishia na pipa lake la kuchemshia chikichi ndani ya mpaka wangu, moshi unanifuata mpaka jikoni. Nikisema, naambiwa nina roho mbaya. Mimi! Niliyemlisha huyo huyo.

Nimekwenda kituoni. Afande akasema kosa lipo, kuingia kwa jinai, kifungu cha 299 cha Kanuni ya Adhabu, miezi mitatu jela, na ikiwa ni nyumba ya mtu ya kuishi basi mwaka mmoja. Nikafurahi. Halafu akamwita jamaa, jamaa akasema njia ile ni ya babu yake. Basi, afande akafunga daftari: akidai ni haki yake, huo ni mgogoro wa ardhi, niende baraza. Baraza la kata nalo siku hizi linasuluhisha tu, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, hukumu ni mpaka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna ada, kuna nauli, kuna njoo kesho. Na yeye anazidi kukata mikungu. Mtoto wa dada yangu anayesoma sheria ananitia hofu, eti kudai ardhi kuna ukomo, miaka 12, nisikae kimya. Nimekaa kimya lini? Ningekuwa mkimya angepata wapi la kusema msibani?

Shangazi, kilichoniuma si mikungu. Mikungu inazaa tena. Ni lile neno, halina mwenyewe. Angemwambia hivyo kaka yangu? Shamba la kaka nalo halina uzio, hata mti mmoja wa mpaka hana, na hakuna anayelikanyaga.

Nataka afungwe. Lakini mkewe ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto wa mwisho usiku wa mvua, sitaki wanawe walale njaa kwa ajili yangu. Basi asifungwe, aondoe pipa na aniombe radhi pale pale mbele ya watu wale wale. Au alipe. Sijui, wewe niambie.

Mdogo wangu hasubiri mabaraza. Amechimba mashimo mawili pale wanapopitia usiku, ndani kasimamisha miti iliyochongwa, juu kaweka makuti. Anasema shamba ni letu, atakayetumbukia alifuata nini? Mimi sikumtuma, ila sijamkataza. Mtu akivunjika mguu humo, kesi inakuwa ya nani, yake aliyeingia bila ruhusa au yangu mwenye hati? Naomba hili ulijibu mapema, kabla ya yale mengine.

Jina langu usiliandike, hapa tunajuana. Na kingine nilisahau, maji ya kuchemshia hizo chikichi anachota kisimani kwangu. Kesho atamtuma binti yake na ndoo kama kawaida. Nimpe?