Barua ya wazi kwa shemeji yangu, kuhusu yale uliniambia wodini

Shem, habari ya siku mingi.

Najua utashangaa mbona nakuandikia huku mahali kila mtu anapita na namba yako niko nayo, lakini yale maneno uliyasema mbele ya watu, mama yangu akiwa hapo na themosi yake ya uji, basi nami acha nikujibu mbele ya watu.

Ilikuwa Februari 2023, siku yangu ya nne wodini. Mkono wa kulia vidole vimekuwa vyeusi kama makaa, kila kimoja kimefungwa bandeji peke yake, na daktari ametuambia tungoje, kwa sababu kidole kilichoganda kwa baridi hakikatwi haraka, mnakaa wiki na wiki mpaka mwili wenyewe uonyeshe nyama imekufa kufika wapi. Watu walikuwa wanaingia wakisema Mungu ni mkubwa, wengine wananiita simba, kuna mmoja hata alitaka selfi. Wewe hukukaa chini. Ulisimama pale miguuni pa kitanda ukasema, "Mlima haukukuita, ulijipeleka. Na dada yangu, kuna mtu alimuuliza?" Halafu ukaenda zako.

Mama alilia. Mimi nikakuwekea kinyongo, na nilikiweka vizuri sana, wewe unajua.

Halafu huko kwenu naskia husemwa nilianguka. Sikuanguka. Wengi wakisema wamepanda Mlima Kenya ni kilele cha Lenana wamefika, mita 4,985, ile ya kutembea tu mpaka juu ukikaza roho. Sisi tulienda kilele cha Nelion, 5,188, hiyo ni mwamba na kamba kutoka chini, na tulienda Februari kwa sababu ni kiangazi na upande ule wa kusini mwamba unakuwa mkavu. Juu tulifika tumechelewa, na huko mchana ukisonga mawingu hayabishi hodi. Wakati wa kushuka kamba ikakwama, ukivuta haiji, ukitikisa haiji, theluji nayo imeanza, nikavua glavu moja ili nishike fundo vizuri na upepo ukaenda nayo. Ni hivyo tu shem, hakuna sinema hapo. Kule juu kabisa kuna kakibanda ka bati Ian Howell alikajenga 1970, watu hulala humo, lakini sisi tulikuwa tushashuka na hatungeweza kurudi. Tukalala kwenye kijukwaa cha mwamba upana wa benchi ya matatu, usiku wa kwanza, na wa pili. Mwenzangu alianza kunisugua vidole nikamwambia aache, kusugua kunaharibu zaidi, akauweka mkono wangu kwapani mwake mpaka asubuhi, ndio maana kidole gumba na nusu ya kile cha pili viliponea. Askari wa KWS, wale wa wanyamapori wanaolinda mbuga, ndio walitutoa, wakanibeba kwa machela wakishukia upande wa Naro Moru, lile tope lote, wakibadilishana mabega.

Lakini si hayo nilitaka kukuambia.

Jioni ya siku ile ulinifokea, dada yako alitoa simu akanisomea habari ya Beck Weathers, daktari wa Texas aliyeachwa Everest Mei 1996 wenzake wakidhani ameshakufa, akaamka mwenyewe kwenye barafu akatembea mpaka kambini. Mkono wa kulia ulikatwa, vidole vya kushoto vikaenda, pua pia ikaenda. Mimi nikadhani natiwa moyo. Kumbe alikuwa anaelekea pale pa mke wake, kwamba huyo mama alikuwa ameshaamua kumwacha, amechoka na milima, na aliporudi vile alivyorudi akampa mwaka mmoja waone. Dada yako akaweka simu chini akaniambia, "Mimi mwaka sina. Niko na wewe mpaka shule zifunguliwe muhula wa pili."

Na hakutaja vidole hata kidogo. Alitaja besdei ya mtoto mwaka uliopita, vile mimi nilikuwa Hell's Gate nikipanda miamba. Alitaja Jumamosi zote za miamba ya Lukenya. Alikuwa nazo kichwani kama daftari la mwenye duka.

Basi nikarudi nyumbani na miezi kama miwili na nusu. Siku moja nikaenda kuchukua watoto nikashindwa kufungua kufuli ya geti, mvua inatunyeshea, mkono wa kushoto haujui kazi na wa kulia ni kama koleo mbovu, mpaka jirani akatufungulia. Niliingia bafu nikakaa huko. Mdogo akabisha mlango akaniuliza, "Baba, vidole vyako viliachwa mlimani? Twende tuviokote." Nilicheka na kulia pamoja, na hapo ndio nilianza kutoka kwa hiyo bafu, naweza sema. Nikajifunza vifungo vya sare kwa mkono wa kushoto, dakika nne kwa shati moja mwanzoni, yeye amesimama wima kama askari wa gwaride. Nikajifunza chapati, kusukuma kwa kiganja. Mei shule zikafunguliwa, dada yako hakusema kitu, aliniwekea tu orodha ya vitabu mezani niende nikanunue.

Mwaka uliofuata, Mei 2024, Cheruiyot Kirui, yule Mkenya mpanda milima, alipofia Everest karibu kabisa na kilele, na mwenzake Nawang Sherpa akapotea huko, tulikuwa tunakula. Dada yako alizima TV. Hatukuongea, lakini aliushika huo mkono mbovu, na kwa kawaida hushika ule mzima.

Sasa hii ndio imenifanya niandike. Juzi nilikuwa natafuta tokeni za stima kwa simu yake, nikapanda na meseji za zamani, nikaona ya M-Pesa ya Aprili 2023, kutoka kwako, fii ya watoto wote wawili, muhula wa pili. Nilimuuliza. Akasema ulimwambia asiniambie, na ukamwambia hivi, "hiyo ni ya kukupa nafasi ya kufikiria, si yake."

Shem, na mimi nilikuwa nimekunyima salamu miaka yote hiyo. Mazishi ya nyanya yenu nilikupita kama sikuoni.

Kuja Jumapili. Chapati zangu bado zinatoka na umbo la ramani ya Tanzania lakini ni laini, uliza watoto. Ukifika usipige honi, mdogo hulala mchana siku hizo. Piga simu tu nishuke, nitakufungulia geti mwenyewe. Kufuli ni ile ile.