Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kipimo cha saratani ya damu kifike mikoani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Songea kwa niaba ya mdogo wangu. Miezi saba alitibiwa malaria, mara homa ya matumbo, huku bandama likimvimba mpaka mkanda ukawa haufungi. Siku alipopimwa picha kamili ya damu, chembe nyeupe zilikutwa 280,000 kwa mikrolita. Mtu mzima huwa nazo kati ya 4,000 na 11,000.

Ana CML, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho. Nimeisoma mpaka nikaielewa. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ndani ya seli ipo protini iitwayo ABL, na kazi yake ni kama ya mbiu hiyo: hutangaza kwamba seli igawanyike, kisha hunyamaza. Kwa mdogo wangu, kipande cha kromosomu ya 9 kilibadilishana nafasi na cha kromosomu ya 22. Jeni ya ABL ikaungana na ya BCR, na protini iliyozaliwa hapo hainyamazi. Inalia usiku na mchana pasipo jambo, na seli zinaitii. Hakuirithi kwa wazazi, wala hakurogwa, kama mama alivyoambiwa na majirani.

Dawa yake, imatinibu, hukaa pale pale protini hiyo inapopokelea nishati. Mpiga mbiu akakosa pumzi. Marekani iliidhinisha mwaka 2001, na WHO ikaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Anameza miligramu 400 kila siku, na amerudi shambani. Namwona akipalilia, nashukuru Mungu.

Ila dawa na kipimo cha BCR-ABL, kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi, anavifuata Dar es Salaam. Mara mbili nauli imekosekana, na dawa zikamwishia. Matibabu yakikatika ugonjwa unaweza kurudi, na protini yenyewe inaweza kubadilika umbo ikaikataa dawa.

Mheshimiwa, hospitali zetu nyingi za mikoa tayari zina mashine za GeneXpert za kupimia kifua kikuu. Mashine hizo hizo zina katriji, yaani kikasha kidogo cha kipimo kinachochomekwa ndani yake, ya BCR-ABL. Tunaomba katriji hizo zifike hospitali za rufaa za mikoa, mafundi wa maabara wafundishwe, na dawa zitolewe hapo hapo. Na kila mwenye bandama lililovimba apimwe picha kamili ya damu kabla ya kupewa dozi nyingine ya malaria.

Kipimo chake kijacho ni mwezi wa tisa.